Taa Iliwaka, Sauti Haikutoka

Tulikuwa tumefika Saddle Hut, kule juu Mlima Meru, mita 3,570 kutoka usawa wa bahari. Tulivua viatu tukakaa kusubiri wenzetu wanne waliobaki nyuma kwenye ngazi za mbao. Redio ya mkononi niliiweka juu ya begi. Kila baada ya dakika kadhaa taa yake ndogo ya kijani iliwaka, ikakaa sekunde tano sita, ikazima. Sauti haikutoka. Nikafungua sauti mpaka mwisho. Nikaitikisa. Mmoja wetu akasema betri hiyo inakata roho, nami nikaafiki, nikaizima ili chaji iliyobaki itufae usiku.

Baada ya saa moja na ushei akatokea mwongozaji msaidizi, peke yake, anahema kama aliyekimbizwa. Mwenzetu mmoja alikuwa ametapika mara nne, kichwa kinampasuka, hawezi tena kupiga hatua. Walihitaji watu wawili wenye nguvu, blanketi na taa, na walikuwa wametuita muda wote huo. "Nimebonyeza mpaka kidole kimekufa ganzi, kaka," aliniambia. "Kwani mlizima redio?"

Mgonjwa aliteremshwa usiku uleule hadi Miriakamba, kituo cha chini, na kama ilivyo kwa maradhi ya mwinuko, kadiri alivyoshuka ndivyo alivyopata nafuu. Asubuhi alikunywa uji. Namshukuru Mungu kwa hilo. Kilichonikosesha usingizi ni kitu kingine. Tuliziweka redio mbili mezani ubavu kwa ubavu, tukazimulika: chapa moja, rangi moja, na kwenye vioo vyote viwili namba zilezile sita, nukta mahali palepale. Zilifanana kama pacha, na hazikuweza kusemezana. Tulikuwa tumeziazima, moja huku na nyingine kule, na hakuna aliyezijaribu kabla ya kuanza safari. Kosa hilo lilikuwa letu, na hasa langu, maana mimi ndiye niliyezibeba.

Wiki iliyofuata nilizipeleka kwa fundi mmoja wa Arusha, mzee mwenye kibanda nyuma ya Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Hana bango wala kadi. Madereva wa watalii wanamjua, na msimu unapokaribia hukuta redio zimepangwa mezani kwake kama samaki mnadani. Nilimwamkia, akaitika, akaziwasha zote mbili, akazitazama vioo.

"Frikwensi ziko sawa," alisema. "Toni je, kijana wangu?"

Sikujua anasema nini. Alinieleza kwa utaratibu, na nitayaeleza maneno yake kwa mpangilio wangu.

Redio zote zilizo kwenye masafa mamoja, yaani frikwensi moja, husikiana, zipende zisipende. Mjini hiyo ni vurugu: mlinzi wa ghala, msimamizi wa harusi, vijana wa stoo, wote wanaingiliana sikioni. Watengenezaji walibuni dawa yake miaka mingi iliyopita. Redio inayorusha hutuma, chini ya sauti ya msemaji, mngurumo mdogo usiokatika, mfano wa friji iliyo chumba cha pili. Mngurumo huo huwa kati ya hezi 67 na 254 hivi. Redio huuchuja usitoke kwenye spika, lakini saketi ya yule anayepokea huutambua. Redio ikiagizwa isubiri mngurumo wa hezi 88.5, haitafungua spika mpaka iupate huo hasa. Ukija na wa hezi 100, unagonga mlango usiofunguliwa. Mafundi huuita toni. Kwenye menyu ya redio umeandikwa CTCSS.

Redio niliyokuwa nayo Saddle Hut iliagizwa na mtu aliyeitumia kabla yetu isubiri toni. Ile ya wenzetu haikutuma toni yoyote. Namba kubwa za kwenye kioo zilikuwa sawa kwa sababu kioo huonyesha masafa, na toni hufichwa ndani ya menyu. Juu ya kioo hubaki herufi mbili ndogo, CT, ambazo hata leo lazima niisogeze redio machoni ndipo nizione. Taa ya kijani nayo huitikia mawimbi yanapofika, haiulizi toni. Kwa hiyo sauti ya mwongozaji yule ilifika. Ilipanda ngazi zote zile, ikaingia kwenye antena, ikafika ndani ya kifaa nilichokishika mkononi, ikazuiwa mlangoni. Nami nikakizima.

Fundi akanionyesha kitufe kidogo ubavuni, chini ya kile cha kuongelea, kilichoandikwa MONI. Kwenye redio za aina yetu, Baofeng UV-5R, ukikigusa mara moja huwasha tochi. Ukikishikilia, spika hufunguka bila kudai toni wala kitu kingine chochote. Utasikia mkoromo wa hewani, na kama kuna mtu anaita, utamsikia naye. Ukiona taa ya kijani inawaka kimyakimya, shikilia MONI kabla hujalaumu betri. Usiku ule wa Meru nilikibonyeza kitufe hicho mara nyingi sana, kutafuta tochi.

Tangu siku ile nimeacha kuamini neno chaneli kama nilivyoliamini. Tunasema "njoo chaneli ya nne" kana kwamba chaneli ya nne ni mahali, kama kituo cha daladala, na kila mwenye redio atapakuta palepale. Chaneli ni mkoba wenye vitu kadhaa: masafa ya kupokea, masafa ya kurusha, toni ya kutuma, toni ya kusubiri, upana wa wimbi, na nguvu ya kurushia. Aliyeujaza mkoba huo ndiye ajuaye kilichomo. Redio yako na yangu zinaweza zote kuandika 4 huku moja iko Tanga na nyingine Tunduma.

Hili linawapata watu wengi kuliko wanavyojua. Ndugu aliye Ulaya akirudi likizo hubeba zile redio ndogo za kuchezea watoto. Za kule hutumia masafa ya megahezi 446, na chaneli yao ya kwanza ni 446.00625. Aliye Marekani akileta za kwake, chaneli ya kwanza ni 462.5625. Zote zimeandikwa 1. Mabinamu wawili watasimama, kila mmoja hatua kumi kutoka kwa mwenzake, mmoja ana ya Ulaya na mwingine ya Marekani, waitane mpaka jioni bila kupatana isipokuwa kwa mdomo. Isitoshe, masafa hayo yameruhusiwa bila leseni kule yalikotoka, na ruhusa ya kule haisafiri na begi.

Kuna pia ile nyeusi isiyo na kioo, BF-888S, yenye kitufe cha kuzungusha juu na chaneli 16. Utaiona kiunoni mwa walinzi na waandaaji wa sherehe. Hiyo huwezi kuipangia chaneli kwa vidole hata ufanyeje. Haina pa kuandikia. Hutoka kiwandani ikiwa imejazwa namba za kiwanda, na wengi huitumia hivyohivyo kwa sababu "inashika". Inashika kwa sababu jirani naye alinunua kama hiyo. Siku mkisherehekea katika kumbi mbili za mtaa mmoja, mpishi wa huku ataletewa habari za bwana harusi wa kule.

Zamani hakukuwa na la kubadilisha kwa vidole. Redio ya kwanza ya kushikwa mkononi iliyotengenezwa kwa wingi, SCR-536 ya mwaka 1940, iliyotoka katika kampuni ambayo baadaye ilijiita Motorola, ilibeba vipande vya fuwele vilivyokatwa kwa unene maalumu. Unene wa fuwele ndio uliokuwa masafa. Ukitaka masafa mengine, fundi alifungua kifaa akatoa fuwele hii akaweka ile. Askari aliyepewa redio vitani hakuwa na njia ya kukosea chaneli, maana chaneli ilikuwa jiwe. Leo jiwe limekuwa namba ndani ya kipande cha kumbukumbu, na UV-5R ina nafasi 128, kuanzia 000 hadi 127. Tumepewa uhuru ambao askari wale hawakuwa nao, na pamoja nao uwezo wa kupotezana.

Sasa kazi yenyewe. Fundi aliniambia nikae nifanye mwenyewe, yeye atazame. Kwanza kitufe cha VFO/MR, mpaka redio iseme iko kwenye masafa, wala si kwenye chaneli. Kisha A/B, mshale ukae mstari wa juu. Ukifanyia kazi mstari wa chini, redio itakubali kila kitu na haitahifadhi unachodhani inahifadhi. Nikaandika masafa. Nikaingia menyu namba 13, toni ya kutuma. Menyu namba 11, toni ya kusubiri. Nikaingia namba 27, nikachagua nafasi iliyo wazi, nikabonyeza MENU tena, na mwanamke wa ndani ya redio akanitangazia kwa Kiingereza kwamba imehifadhiwa. Nafasi ikiwa ina kitu, hufutwa kwanza kwa namba 28. Hayo yote ni kwa chaneli moja. Nilitumia karibu dakika tano, na nilikosea mara mbili.

"Sasa fikiria magari arobaini," alisema mzee, "kila gari chaneli kumi na mbili."

Kwa kazi ya namna hiyo kuna kompyuta. Unahitaji waya wenye plagi mbili upande wa redio na USB upande wa pili, na programu ya bure iitwayo CHIRP, iliyoanzishwa na Mmarekani mpenzi wa redio, Dan Smith. Humo chaneli huonekana kama daftari la mistari: safu ya masafa, ya jina, ya toni, ya nguvu. Unaandika mara moja, unamimina kwenye redio moja baada ya nyingine, na zote hutoka na kitu kilekile mpaka nukta ya mwisho.

Mzee ana masharti mawili ambayo hayavunji. La kwanza, kabla ya kuandika chochote, vuta yaliyomo ndani ya redio uyahifadhi kama yalivyo. Redio iliyoharibiwa na faili la redio nyingine anaijua kwa macho. La pili, sukuma plagi mpaka iingie yote. Fremu ya redio huizuia, watu hudhani imefika, kompyuta inasema redio haijibu, mtu anarudi dukani kugombana. Mara nyingi ilibaki milimita mbili. Kuna pia nyaya za bei ya chini zenye chipu ya kughushi ambazo Windows huzikataa. Yeye anazo tatu kwenye droo, kama ushahidi.

Safu moja ya CHIRP ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa yaliyotukuta. Safu ya toni ina maneno mawili yanayofanana kwa mgeni. Ukichagua Tone, redio itatuma toni lakini itamsikiliza kila mtu. Ukichagua TSQL, itatuma na itadai. Kwa kundi linalopanda mlima, fundi alinishauri la kwanza: tumeni nyote, msidai yeyote. Mtasikia kelele za wageni wakati mwingine, ila hamtamzuia wenu mlangoni. Kwa hoteli yenye wahudumu wengi mjini angeshauri kinyume. Na tusidanganyane kuhusu jina la "msimbo wa siri" linaloandikwa kwenye maboksi: toni haifichi neno hata moja. Inakuziba wewe masikio. Mwenye redio yoyote iliyo wazi anakusikiliza vizuri tu.

Madereva wa Serengeti na Ngorongoro wanalijua hilo, ndiyo maana siri yao wameiweka kwenye lugha. Utawasikia wakiarifiana kuhusu sharubu, au madoadoa ya juu, na mgeni aliyekaa nyuma na kofia yake mpya hajui kwamba ametajiwa simba, au chui aliye mtini. Wanafanya hivyo ili mgeni asiahidiwe mnyama ambaye atakuwa ameondoka gari likifika. Nimekaa kiti cha mbele nikisikiliza mazungumzo hayo saa nzima, na kwangu huo ni Uswahili wa kutungwa kazini ambao unastahili kuandikwa kabla haujapotea.

Kuna upana wa wimbi pia, ambao huleta ugonjwa mwingine. Redio moja ikiwekwa upana wa kilohezi 25 na nyingine 12.5, zitapatana, lakini mmoja atasikika kama anaongea ndani ya mtungi, au sauti itapasuka akipaza. Watu hubadilisha antena, hubadilisha betri, hupanda juu ya gari. Dawa iko menyu namba 5.

Nikauliza kuhusu umbali, kwa sababu maboksi huandika kilomita za ajabu. Mawimbi haya husafiri karibu na mstari ulionyooka, na dunia ni duara. Mtu aliyesimama uwanda mtupu, redio mdomoni, upeo wake ni kilomita tano hivi. Akiwa na mwenzake wa kimo hichohicho, kumi, ikiwa hakuna kilima wala msitu. Akipanda mahali palipoinuka mita mia moja, upeo wake unakuwa kilomita arobaini. Ndiyo sababu ya kuweka mtambo mlimani, ripita, unaodaka sauti kwa masafa fulani na kuirusha upya kwa masafa mengine papo hapo. Wapenzi wa redio wa upande wetu wa dunia, kwa mfano, husikiliza ripita kwenye 145.600 na kuiongelea kwenye 145.000, tofauti ya kilohezi 600. Hapo mkoba wa chaneli unabeba masafa mawili na mara nyingi toni ya kuuamsha mtambo. Ukisahau toni, unasikia wote na hakuna anayekusikia. Nilicheka kwa uchungu aliponiambia hivyo. Nilikuwa nimekwisha kuishi upande wa pili wa shilingi hiyo.

Zoezi lililonifundisha zaidi halikuhitaji hata kuongea. Kituo cha Anga cha Kimataifa, kilicho kilomita 400 hivi juu yetu, kina mtambo wa redio, na sauti yake hushuka kwenye megahezi 437.800. Kinakwenda kasi ya kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo kinapokuja, masafa yake hupanda kidogo, na kinapoondoka hushuka, kama honi ya basi la mkoani linapokupita kando ya barabara. Kwa hiyo hupangi chaneli moja, unapanga tano: 437.810, 437.805, 437.800, 437.795, 437.790, na katika dakika kumi za kupita kwake unazungusha kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Zote tano niliziwekea neno off kwenye safu ya Duplex ya CHIRP, ambalo huifunga redio isirushe kabisa hata mtu akibonyeza kwa bahati mbaya. Niliwapandisha watoto wangu juu ya paa, tukasubiri. Mara tatu hatukupata kitu. Mara ya nne, katikati ya mkoromo, watu wawili walisalimiana kupitia chombo kile, na binti yangu akauliza kama wanatusikia.

Neno off lina kazi nyingine nzito. UV-5R inafungua kuanzia megahezi 136 hadi 174, na ndani ya uwanja huo wamo mabaharia, walinzi, na vyombo ambavyo maisha ya watu hutegemea masafa yao yawe kimya. Chaneli 16 ya baharini, 156.800, ndiyo ya dharura; nahodha wa jahazi lenye redio anategemea ikae wazi. Kifaa kukubali kuandika namba si ruhusa ya kuitumia. Tanzania Bara na Zanzibar, masafa husimamiwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Kampuni ya utalii huomba masafa, hulipia, hupewa namba zake. Mpenzi wa redio hupata jina la kuitia, 5H3 kwa Bara, 5Z4 kwa Kenya. Ninajua mlolongo huo huwachosha watu, na wengi hujisemea redio ni ndogo, nani atajua. Lakini nimeshaona sauti ya mtu anayehitaji msaada ikizuiwa na namba iliyokaa vibaya, na sitaki namba yangu iwe kizuizi cha mtu mwingine ziwani au baharini.

Mzee hakunitoza pesa nyingi. Alinipa kipande cha karatasi akaniambia niandike kwa kalamu yaliyomo katika kila chaneli: kupokea, kurusha, toni, upana. Nikatoa nakala, nikazibandika nyuma ya betri kwa selotepu.

Mwezi wa Septemba tulirudi Meru, kundi lilelile, safari hii kwa redio na masafa ya kampuni iliyotuongoza, yenye leseni yake. Kwenye lango la Momella nilimwomba yule yule aliyeugua aende nyuma ya jengo, asionekane, na kila mwenye redio amwite kwa zamu, kisha yeye amwite kila mmoja. Askari wa hifadhi alitutazama akatabasamu, akaiweka bunduki yake begani vizuri, akasubiri. Redio nne, kuita na kuitikiwa, dakika sita. Ya mwisho ilikuwa yangu. Taa ya kijani ikawaka, na sauti yake ikatoka pamoja nayo.

"Unanipata?"

"Nakupata."

"Rudia, kaka. Nataka kuisikia tena."